Chemchemi Iliyotembea

Ipo siku moja ambayo haijatoka kichwani mwangu, mwanangu, na leo umeiamsha. Unanipigia simu kuniambia ukuta wa jikoni kwako umelowa chini, halafu unasema utangoja mwezi uishe ndipo uite fundi. Usikate simu. Nisikilize kwanza, maana wewe nyumba hii ya kwetu unaijua ikiwa imeshapona.

Nilikuwa nimeolewa karibuni hapa Mpanda, kaka yako Masanja bado yuko mgongoni. Babu yako, baba mkwe wangu, alikuwa ameswaga ng'ombe kwa miguu kutoka Usukumani mpaka huku Katavi, na mwishowe ng'ombe wale waligeuka nyumba. Matofali ya kuchoma, lakini yamejengewa udongo, kwa kuwa saruji ilitosha sakafu tu. Yeye alilala chumba cha nyuma, dirisha linatazama uwani.

Ilikuwa kiangazi, ule wakati mto Katuma unabaki matope na viboko wanasukumana humo humo. Asubuhi nafagia, nikakuta udongo umelowa karibu na dirisha la mzee. Ilipofika mchana yalikuwa maji, meupe, safi, yanabubujika polepole kutoka ardhini. Mwanangu, nilishindwa kusogea. Wingu hakuna, majani yote yamekauka, na uwani kwangu maji yanatoka yenyewe.

Babu yako akatoka, akayaona, akavua kofia. Huyu ni mtu aliyeona ng'ombe wakifa kwa kiu njiani, wakimtazama. Akachota kwa kiganja, akanywa, kisha akakaa chini kabisa.

"Mama Masanja," akaniambia, "usiyachimbe haya, wala usiyafunike. Maji yanayojileta yana mwenyewe."

Majirani wakaja kuangalia. Wengine waliteka. Jioni mzee alisogeza kigoda chake akakaa kando ya maji, na mimi nikipita na sufuria nilikuwa napunguza mwendo. Nilishangaa kama yeye, sikudanganyi. Lakini kuna kitu kilianza kunisumbua. Bomba letu la uwani, lililokuwa likijaza ndoo upesi, sasa lilikuwa linadondosha tu. Chemchemi inanenepa, bomba linakonda. Hapo nikajua. Sasa nimwambieje? Kwa desturi yetu mkwe hamtazami baba mkwe usoni, sembuse kumwambia kwamba muujiza wake ni bomba lililopasuka. Na baba yako alikuwa Ikola kununua dagaa. Nikanyamaza.

Kisha nikaona ufa. Ulianzia chini ya dirisha la mzee, mwembamba. Siku zilivyokwenda ukaingia kidole changu. Udongo wa katikati ya matofali ukawa unabonyea ukiugusa, na mzee alikuwa amegeuza kitanda ili alale kichwa kikiwa ukutani, apate kuyasikia maji yake. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliogopa tutachimba kaburi.

Nikamfunga Masanja mgongoni nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alikuwa mama mmoja mwenye duka, tukimwita Mama Zaituni, ulimi wake pilipili. Sikuwa nimemaliza kueleza, ameshamwachia binti yake duka. Njiani alimtuma mtu kwa mtendaji wa kata na mwingine ofisi ya maji. Alipofika akamwamkia mzee kwa heshima zote, halafu akaenda moja kwa moja kwenye mita, akafunga koki.

Chemchemi ikatulia. Ikashuka taratibu, sote tunaitazama, mpaka likabaki tope. Nilitamani ardhi inimeze.

"Babu," akasema Mama Zaituni, "ng'ombe wakiibiwa, nyie mnafanyaje?"

"Tunapiga mwano." Hilo ni yowe letu Wasukuma, mwanangu. Ukilisikia unaacha ugali mezani na kukimbilia linakotoka.

"Na anayeusikia akabaki ndani?"

"Huyo si mwenzetu."

"Basi mimi na ofisi yangu tupo hapo barabarani, tunasubiri mwano wenu. Ng'ombe wako wote wamo kwenye ukuta huu, babu. Wanakufa mnawaangalia. Mnadhani mwenyekiti mlimchagua wa nini, akate utepe?"

Mzee akafikiri. "Mwano kwa ajili ya bomba?"

"Kwa ajili ya nyumba. Na kwa ajili yako wewe unayelala humo."

Akainama, akakubali. Mimi nilikuwa naangalia chini, lakini kila neno lilikuwa linaniingia.

Mtendaji akafika na pikipiki. Alipouona ufa alimhamisha mzee chumba siku ileile, akaagiza miti ya kuegemeza ukuta. Fundi wa ofisi ya maji, aliyefika nyuma yake, akaeleza kwamba kwa utaratibu bomba likishapita mita ni la mwenye nyumba. Mtendaji akamjibu anajua, ila ukuta ukianguka hauulizi mita iko wapi. Ofisi ya mtaa ikatudhamini, tukapewa bomba jipya tulilolipia baada ya mavuno.

Halafu wakaja watu kuchimba mtaro wa kulifikia bomba bovu. Nataka usikie hapa vizuri. Wenye maduka wakavua kanzu zao wakazitundika kwenye uzio. Mama mmoja wa Katumba, aliyekuwa anapeleka mahindi sokoni, akatua mzigo akashika sepetu, na jina lake sijalijua mpaka leo. Mwenyekiti mwenyewe kakunja kanga, yuko ndani ya mtaro. Nilikuwa nimeshangaa maji yanayotoka ardhini, mwanangu, lakini watu wale walinishangaza zaidi. Mpaka siku ile serikali kwangu ilikuwa picha ukutani na bendera. Sikujua kwamba nayo ina miguu, na inaweza kuingia matopeni uwani kwa mtu kama mimi. Nililia, na sikujificha.

Wakakuta kiungio cha bomba kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, kimeachia. Mzee akasogea ukingoni mwa mtaro, akamuuliza fundi, "Maji haya mnayatoa wapi?"

Fundi akanyoosha mkono kuelekea vilimani. Kuna chemchemi kule juu, akasema, yanakingwa hapo, yanashuka ndani ya bomba, yanapita chini ya barabara na chini ya maduka mpaka hapa.

Mzee akavitazama vilima muda mrefu. Akavua kofia mara ya pili.

"Basi sikukosea," akasema. "Ni chemchemi. Ila imetembea, kama mimi."

Hakuna aliyecheka. Mama Zaituni, na ulimi wake wote ule, alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usingoje mwezi uishe, maji hayajui tarehe. Nenda kwa mwenyekiti wako leo. Usiseme bomba ni langu na aibu ni yangu; mficha maradhi, kifo humuumbua. Huenda ofisi ikakuzungusha, nenda tena. Huenda wasiwe na kila kitu, lakini hakuna awezaye kuitikia mwano ambao haukupigwa. Na siku jirani yako akipiga wa kwake, shika sepetu, usiulize mita iko wapi.

Mungu akupe ukuta mkavu na bomba lenye maji. Waliolala ndani ya nyumba yako waamke wote salama, na ukiita, wawepo wa kuitika. Amina. Haya, kata simu, ukafunge koki.