Sala Nyuma ya Kadi

Jovia alikuwa na siri moja tu maishani, nayo haikuzidi kiganja: kadi ya mama yake, Kiden.

Kiden aliipata utotoni, siku ya komunyo ya kwanza. Picha za watakatifu zilikwisha kabla zamu yake haijafika, basi sista mmoja mzee akachomoa kadi kutoka kitabu chake mwenyewe. Msichana wa gauni jeupe, kitabu mapajani, na nyuma ya kichwa chake duara la njano. Kiden hakujua kusoma, lakini nuru ya mtakatifu aliijua. Akamwita Mtakatifu Msomaji, na alipozaa binti kule Dranya, karibu na Koboko, akamwomba mtakatifu huyo kila asubuhi binti asome.

Binti akasoma. Alikuwa na miaka kumi na mmoja aliporudi likizo kutoka shule ya bweni Arua, alikolia muhula mzima kwa kukumbuka nyumbani. Mama akamtia kadi mkononi.

"Soma hii maombi iko nyuma. Miaka yote mimi nangoja."

Jovia akageuza. Duka la ng'ambo, mwaka 1887, lilikuwa linatangaza vitabu vya hadithi za watoto: majina, bei, anwani. Ile nuru nayo ilikuwa kofia ya nyasi. Akamtazama mama, ambaye tayari alikuwa amefumba macho, akashindwa kumwambia kweli. Akatunga sala palepale, na mtoto hutoa kilichomo moyoni.

"Wewe iko nasoma, angalia njia ya mtoto yangu. Rudisha yeye nyumbani mbele ya mvua."

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Jovia ilitembea miaka thelathini na tano. Akawa mwalimu, akaolewa, akajenga Awindiri, mtaa wa Arua, na safari za Dranya zikapungua: kila Krismasi, kisha si kila Krismasi. Siku hizi Arua hadi Koboko ni lami, hata kisingizio cha tope hakuwa nacho. Alimkumbuka sana mama yake, na katika kila simu alimwambia, "Nakuja, mama." Na kila mara alikuwa anasema kweli, kwa siku ile.

Mwezi wa nne akapigiwa simu na Lako, jirani wa mama yake. Alipofika, Kiden alikwisha kukata roho.

Baada ya maziko wanawake wa jumuiya waliketi sebuleni, na Lako akampa ile kadi, imelainika kama kitambaa.

"Soma wewe, mwalimu. Sisi najua kwa kichwa. Mama yako alifundisha sisi, kila asubuhi tunaomba naye."

Hapo angeweza kusema yote yakaisha. Akaigeuza. Macho yakapita juu ya bei za vitabu, mdomo ukaanza, "Wewe iko nasoma, angalia njia ya mtoto yangu..."

Wanawake wakaimalizia bila yeye, polepole, kama walivyozoea: "Rudisha yeye nyumbani mbele ya mvua."

Mvua ilikuwa inanyesha tangu jana.