Tairi Juu Hadi Langoni

Ndugu yangu alikufa Suneka, tairi la mbele likiwa hewani, alipogongana na lori la ndizi. Pikipiki yake ilivunjika kioo kimoja tu. Jambo hilo lilinikera mno: chuma kimerudi nyumbani kizima, mwenye chuma amelala mochari mjini Kisii.

Waendesha boda boda wa kwetu wana desturi yao. Mwenzao akifa, huenda wote kumchukua mochari, wamefunga matawi kwenye usukani, honi hazinyamazi, na ndugu wa marehemu hutangulia huku ameinua tairi la mbele. Hata kama marehemu aliuawa na mchezo huohuo. Nilipolisema hili mbele ya mwenyekiti wa steji yao ya boda boda, alinitazama kana kwamba nimetukana maiti.

"Wewe ndio ndugu yake," alisema. "Ukiongoza na tairi iko chini, watu watasema ulikuwa unangoja tu afe."

Mimi ni mtu wa majani chai. Pikipiki niliijua ya kunifikisha kituo cha kupimia chai na kunirudisha, basi. Na mazishi yalikuwa wiki ileile.

Mama alikuwa amenikataza kabla hata sijaulizwa na mtu. "Nimebaki na wewe peke yako, baba," aliniambia, kwa jina hilo ambalo mama zetu hutubembeleza nalo. "Usinimalize."

Hata hivyo nilichukua pikipiki ya marehemu, nikaenda Tabaka.

Kule kuna machimbo ya zamani ya mawe ya sabuni, yale laini ya kuchongea vinyago, mahali palipoachwa pakiwa tambarare, vumbi jeupe kama unga. Aliyenifundisha alikuwa rafiki wa ndugu yangu, yuleyule aliyemfundisha marehemu. Hilo nalo nililimeza.

"Gia ya kwanza," alisema. "Shika klachi, vuta mafuta, achilia klachi ghafla, jivute nyuma. Na mguu isitoke kwa breki ya nyuma. Hiyo tairi ikipanda sana, breki ya nyuma ndio mama yako."

Nilianguka hadi nikazoea kuanguka. Kiwiko kilichubuka, pikipiki ikanilalia mguu, na yule mwalimu wangu akawa anacheka huku macho yamemjaa machozi. Kisha, nikiwa nimekasirika na nimeacha kujali, tairi likapanda. Barabara ikapotea mbele yangu, nikaona anga tu. Nilicheka kwa sauti. Ndugu yangu yuko kwenye baridi ya mochari, nami nacheka! Nilimwelewa pale, na kumwelewa kuliniuma kuliko kiwiko.

Kila jioni nilirudi na mgongo mweupe. Mama hakuuliza nimetoka wapi. Alinigeuza, akanikung'uta vumbi kwa kiganja, pole pole, kuanzia mabegani hadi kiunoni, kisha akarudi kukaa na wanawake wenzake waliokuja kumfariji.

Siku ya mazishi nilivaa jaketi ya ndugu yangu nikatangulia. Tulipofika Suneka, pale alipoangukia, honi zilipigwa hadi masikio yakaziba. Niliinua tairi. Niliinua tena kila penye watu, na watu walishangilia, wakisema nimerithi mkono wake. Nitasema ukweli, nilifurahi. Nilipoliona lango letu kati ya migomba, nililipandisha tairi juu kuliko siku zote, nikaingia nalo hivyo hadi uani, mguu uko kwenye breki.

Kando ya nyumba, vijana walikuwa wakimalizia kaburi. Mama alisimama karibu nao. Hakupiga nduru. Aliokota ile fimbo waliyokuwa wakipimia urefu wa kaburi, akanijia wakati ndio kwanza nimeteremka, akanigeuza kama alivyonigeuza jioni zile. Akaisimamisha fimbo mgongoni mwangu, kutoka kisigino kwenda juu, akaweka kidole pale ilipoishia.

"Huyu amempita ndugu yake kidogo," aliwaambia wachimbaji. "Kaburi lake mtaliongeza upande wa miguu. Msiende na majembe."

Hakuna aliyecheka. Nyuma yetu honi zilikoma moja moja, kadiri habari ilivyowafikia waendeshaji. Niliogopa, kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie kwetu, nikashika kiti cha pikipiki.

Mama alirudisha fimbo mahali pake. Udongo mwekundu wa kaburini ulibaki mgongoni mwa jaketi, na safari hii hakuukung'uta.