Kurasa Alizobakiza Mokami

Mzee Vincent Mogesi wa Robanda alitaka jambo moja tu katika riwaya aliyokuwa akiiandika: mwanamke aliyemo ndani yake afike ukurasa wa mwisho akiwa hai. Alinieleza hivyo siku ya kwanza, kabla hata hajakaa, akiwa ameshika mfuko wa plastiki uliojaa karatasi. Nami, kwa kuwa nilisomea uhazili katika chuo cha ufundi stadi, nikamwuliza swali tulilofundishwa kumwuliza kila mteja.

"Itakuwa kurasa ngapi, mzee?"

"Hilo litamtegemea yeye," akajibu.

Duka letu la steshenari liko Mugumu, si mbali na stendi. Ni mali ya baba yangu mdogo, Bushiri, ambaye hutoa nakala na kuongea na wateja; mimi huchapa. Kwa kawaida huletewa barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao na kadi za harusi. Sikuwahi kuchapa riwaya. Nilizipokea karatasi zile, nikazipanga, na nikaona kwamba ukurasa wa kwanza ulikuwa umeandikwa nyuma ya fomu ya kifuta machozi, ile ambayo familia hujaza mtu wao anapouawa na mnyamapori. Upande wa mbele palikuwa na jina la marehemu, Tabitha, na uhusiano wake na mwombaji: mke. Nafasi nyingine zote zilikuwa wazi. Sikuuliza. Kazi yangu ilikuwa upande wa nyuma.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Kwa miaka kumi na miwili alifua nguo katika kambi moja ya watalii kando ya hifadhi, na huko ndiko alikoipatia elimu yake ya riwaya. Wageni waliacha vitabu. Mwongoza watalii mmoja aitwaye Steven alivisoma, kisha alasiri, Mzee Vincent akiwa anayapiga mashuka pasi ya mkaa, akamsimulia kwa Kiswahili sura moja moja. Alizozipenda kuliko zote ni zile za dunia iliyoharibika, ambamo watu wachache waliosalia hutembea wakitafuta pa kuishi.

"Wenzangu waliona zinatisha," aliniambia. "Mimi niliona zinapumzisha. Mle ndani kila mtu anajua anachotakiwa kukilinda."

Steven alimwonyesha pia jinsi hadithi hizo zinavyosukwa, na Mzee Vincent alikuwa amelichora somo lile kwenye ubavu wa katoni ya sabuni. Ilikuwa milango mitatu. Wa kwanza ni mlango wa nyumba. Mhusika akishautoka, hawezi tena kuwa alivyokuwa. Wa pili uko katikati, pale anapogundua kwamba mahali anapokwenda si kama alivyoambiwa. Wa tatu haupitiki mpaka mhusika aache kitu alichokibeba tangu mwanzo.

"Asipoipita yote," alisema akigonga katoni kwa kidole, "hiyo si riwaya, binti. Hiyo ni habari ya mtu kukaa nyumbani."

Alilisema hilo yeye mwenyewe. Nimelikumbuka mara nyingi.

Katika dunia aliyoibuni, mvua zimekoma kwa mwaka wa saba. Hakuna serikali, lipo Bohari, ghala kubwa lenye walinzi, ambalo hugawa unga kwa kipimo na kumkamata yeyote anayekutwa na mbegu. Tembo wamekosa maji porini, wakahamia mijini na kulala sokoni. Mwanamke aitwaye Mokami amezika kibuyu cha mbegu za ulezi chini ya mafiga, na amesikia kwamba ng'ambo ya mto kuna bonde ambalo bado linapata umande. Anachotakiwa kufanya ni kukifukua kibuyu, kufungua mlango na kwenda. Mume wake, ambaye mwandishi hakumpa jina, yumo ndani pamoja naye.

Alikuja kila Jumatano na karatasi mpya. Nilichapa sura ya kwanza kwa hamu ambayo si desturi yangu kuionyesha. Ukurasa wa kumi na tisa, Mokami alifukua kibuyu, akafika mlangoni, akasikia chungu chake kinachemka, akarudi kukiepua. Ukurasa wa thelathini na nne alirudi kufuata kanga. Ukurasa wa hamsini na nane mume wake alikohoa, akarudi kumpa maji. Baba mdogo, ambaye hukosa subira hata na taarifa ya habari, alikuwa ameanza kuifuatilia.

"Mura," alimwita Jumatano moja, kama wanaume wa huku waitanavyo, kabla Mzee Vincent hajafika kwenye benchi la wateja, "huyo mama bado hajatoka tu? Wa kwangu naye husahau kanga, lakini gari likipiga honi anapanda hivyo hivyo."

"Wa kwako anasubiriwa na gari, Bushiri. Wa kwangu anasubiriwa na tembo."

"Basi mwandikie bodaboda!"

"Mafuta yaliisha mwaka wa tatu."

"Ungenitumia ujumbe, ningemwekea lita mbili."

Mzee Vincent alicheka mpaka akatoa leso. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka, na nilijisikia kana kwamba duka lilikuwa limefanya jambo jema.

Mwezi Machi tulifika ukurasa wa themanini na saba. Mokami alikuwa ameshika komeo. Komeo lilielezwa kwa kurasa mbili nzima: kutu yake, ubaridi wake, sauti ambayo lingetoa. Kisha Mokami akaliachia, akarudi kuketi. Mimi ni mtu wa kufuata utaratibu; nilikuwa nimeweka alama ya penseli pembeni mwa kila mahali aliporudi. Niliona kwamba kunyamaza kungekuwa kuifanya kazi nusu.

"Mzee, naomba nikueleze jambo, kama hutachukia."

"Sema, binti."

"Mokami amefika mlangoni mara nne, na mara zote nne amerudi. Kwa mchoro wako mwenyewe, hajaupita hata mlango wa kwanza. Inabidi atoke."

Alizitazama zile alama za penseli, moja baada ya nyingine.

"Akitoka atakufa."

"Si lazima, mzee. Wewe ndiye unayeandika."

"Ndiyo," alisema. "Hata siku ile, mimi ndiye niliyesema."

Baba mdogo alizima mashine ya nakala. Mzee Vincent aliendelea kuongea kwa sauti ile ile ambayo huitumia kunitajia palipo na nukta.

"Aprili ya mwaka juzi nilikuja hapa na fomu ya kifuta jasho. Tembo walikuwa wamekula mtama wangu, na ofisi ilitaka nakala tatu. Unakumbuka?"

Sikukumbuka. Mimi, ninayekumbuka upana wa pambizo katika barua niliyoichapa miaka mitatu iliyopita, sikumkumbuka.

"Umeme ulikuwa umekatika. Wewe ukaniambia, subiri, mzee, nusu saa tu utarudi. Nikakaa hapo." Alilionyesha benchi. "Zamu ya kulinda shamba ilikuwa yangu, kuanzia saa kumi alasiri. Saa tisa umeme haujarudi. Nikampigia Tabitha. Nikamwambia, nimekwama, nenda wewe. Akasema, nimeweka maharage jikoni. Nikamwambia, yaache, nenda. Akachukua filimbi yangu na debe langu la kupiga kelele, akaenda. Jua lilikuwa bado liko juu tembo walipotokea."

Ndipo nilipokielewa chungu cha ukurasa wa kumi na tisa.

"Kwa hiyo, mzee," nilisema, "ni mimi niliyekuambia usubiri."

"Ulisema nusu saa. Watu wote husema nusu saa." Alianza kuzikusanya karatasi zake. "Sikuja kukudai neno lako. Nilikuja kwa sababu hapa ndipo nilipokuwa nimekaa. Nilidhani nikianzia hapa, huenda nikapaona pa kumrudishia."

"Na umepaona?"

"Umenionyesha wewe. Mara nne namrudisha, na mara zote nne hadithi inakufa." Alitia karatasi katika mfuko. "Umesema kweli, binti. Lakini mimi siwezi kumwambia tena atoke."

Aliondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwa amelifanya kamwe.

Jumatano iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuata. Aprili ilipita, Mei ikapita. Niliichukia penseli yangu. Nilifundishwa kwamba mhazili mzuri huona kosa kabla ya mwenye kazi. Hakuna aliyenifundisha kwamba wakati mwingine kosa ndicho kitu pekee alichobaki nacho mwenye kazi. Nilijaribu kuikumbuka ile siku ya Aprili. Nilijaribu kuuona uso wake kwenye benchi, simu ikiwa sikioni. Niliwaona wateja wengi waliowahi kuketi pale, na hakuna kati yao aliyekuwa yeye. Baba mdogo hakunisemesha juu ya jambo hilo, ila siku moja, akiwa analifuta benchi vumbi, aliniuliza kwa upole usio wake, "Hivi yule mama bado ameshika komeo?"

"Bado, baba mdogo."

"Basi amechoka mkono," akasema, na hakuwa anatania.

Mzee Vincent alirudi mwishoni mwa Juni, mtama ukiwa umeshavunwa. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaweka mbele yangu kurasa tisa zilizoandikwa kwa mwandiko mdogo, ulionyooka kuliko wa awali.

"Nimeupata mlango," alisema. "Chapa."

Nilichapa akiwa ameketi. Mokami alifika mlangoni kwa mara ya tano, kibuyu mgongoni, kimefungwa kama mtoto. Kisha mume wake aliinuka mkekani. Haya ndiyo maneno yake, nami sikubadilisha hata mkato:

"Chungu chako kiko motoni," akamwambia. "Kaa. Leo ni zamu yangu." Akachukua filimbi na debe, akafungua yeye.

Kifo chake kilikuwa cha mistari mitatu. Alitembea kuelekea sokoni akipiga debe, tembo wakamfuata, na njia ya kwenda mtoni ikabaki wazi. Kisha ukurasa mzima juu ya Mokami: alivyoyaepua maharage, alivyokula, kwa kuwa safari ni ndefu, alivyoufukia moto kwa jivu. Ukurasa wa tisini na sita ulimalizika hivi: Akavuka kizingiti. Hakutazama nyuma, kwa sababu hakuna aliyemwita.

Niliipindua karatasi yake ya mwisho kutafuta nyingine.

"Na mlango wa pili, mzee? Na wa tatu?"

"Iko mbele."

"Utaileta lini?"

"Mimi?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi nimekufa ukurasa wa tisini na tano, binti. Nitajuaje alikopita?"

Nikalihifadhi faili.

"Lakini kurasa ziwepo," akaendelea. "Uziweke, uzipe namba, ufunge pamoja na hizi. Ukikata pale alipovuka, mtu akifunga kitabu atadhani aliishia pale pale. Ziwe nyingi kama zangu. Zisipungue."

"Kurasa tisini na sita. Tupu."

"Si tupu. Ni zake."

Baba mdogo alikuwa ameshaanza kutafuta spairo kubwa kuliko zote, ile ambayo kwa kawaida hufungia taarifa za miradi. Hakutania hata kidogo.

Chuoni tulifundishwa kwamba ukurasa usioandikwa hauachwi hivi hivi; hupigwa mstari wa mshazari kutoka pembe hadi pembe, ili asitokee mtu wa kuongeza neno baadaye. Ni kanuni nzuri, na imelinda hati nyingi. Mkono wangu ulikuwa umeshaishika rula. Niliirudisha kwenye droo, nikaandaa faili lisilo na neno lolote isipokuwa namba chini katikati, kuanzia tisini na saba hadi mia moja tisini na mbili, nikaanza kuchapisha.

Zilitoka moja moja. Mzee Vincent alisimama kando ya printa akazipokea kwa mikono miwili, akasoma kila namba, akaziweka juu ya zilizotangulia, akanyoosha kingo. Mia moja na kumi. Mia moja ishirini na tano. Hapo alitabasamu kidogo na kuitazama karatasi ile kwa muda mrefu kuliko nyingine. Sikujua alimwona Mokami akifanya nini. Mia moja arobaini na nane.

Umeme ukakatika.

Printa ilitoa sauti fupi ikanyamaza. Feni ikazunguka taratibu mpaka ikasimama. Nje, kinyozi wa jirani alipiga mbinja kama afanyavyo kila umeme unapokatika. Baba mdogo alinitazama, nami nikaitazama sakafu. Kuna maneno ambayo husemwa katika duka letu kwa wakati huo, nami nimeyasema pengine mara elfu. Siku hiyo hayakutoka.

Mzee Vincent ndiye aliyeniokoa. Aliuweka mrundo wa karatasi kwenye meza, akaufunika kwa ile katoni yake ya sabuni ili upepo usiupeperushe, akaenda kwenye benchi, akaketi mahali pale pale.

"Nitasubiri," alisema. "Usiwe na wasiwasi, binti. Siku hizi shambani hakuna mtu."

Ilikuwa saa nane na robo mchana. Tuliketi wote watatu. Mokami alikuwa amebakiza kurasa arobaini na nne.