Nani Atamlisha Mama

Mwaka ule tulioamriwa kuacha milima na kwenda kujenga vijijini, mama yangu alikuwa haoni tena. Viwanja waligawiwa wenye nguvu za kujenga, na mama, kule kwao Kibondo, hakuwa na mtu wa kumkatia hata mti mmoja. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyepaswa kumtunza, alikwenda Tanga kukata mkonge nikiwa bado msichana, akanyamaza huko huko. Nilibaki mimi tu, na mimi nilikuwa nimeolewa upande wa Kasulu.

Asiyewajua Waha wa siku zile ataniuliza tatizo liko wapi. Tatizo ni mume wangu! Kwetu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini mpaka mwenzake apite. Mama mkwe kuhamia kwa mkwe wake ilikuwa aibu ya kusimuliwa vilabuni. Sasa ningefanyaje? Nimwache kwenye nyumba inayosubiri kubomolewa? Nilikwenda nikamchukua, tukapanda lori, akalia njia nzima. Hakulilia nyumba anayoiacha, alililia ile anayokwenda.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, mtu mpole mpaka anakera. Alitundika mkeka katikati ya nyumba, mama huku, yeye kule. Wa kuvuka nilikuwa mimi. Nilimlisha mama, kwani mikono yake haikuweza tena kumega tonge, nikamwogesha, nikamshika mkono kwenda chooni. Na kila nilipovuka na bakuli, swali lilikuwa lile lile kichwani: nikiugua je? Sikumwambia mtu, lakini lilininyima raha kabisa.

Basi sikuugua, nilishika mimba. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Hii ya tatu ilifika mwezi wa nane, ndipo nikaanza kuona damu. Jirani yetu, mke wa mwenye duka, mtu wa Ujiji, siku zote alikuwa akitucheka. "Nyie Waha nyie! Mama mkwe si mama tu?" Asubuhi ile aliponiona nimepakiwa kwenye baiskeli, alikuja mbio akanishika mkono. "Nenda shoga, usiwe na wasiwasi. Mama yako nitamlisha mimi." Nikamwamini.

Hospitalini mkunga alinilaza, akanikataza hata kuketi. Siku ya pili mume wangu alikuja kuniona.

"Mama amekula?"

"Amekula."

Siku ya nne akaja tena. Safari hii nilimuuliza amekula nini. Akatazama dirishani. "Maharage," akasema. Na nini? Akaanza kuikunja kofia yake. Mume wangu hajui kudanganya, maskini, na hapo nikajua mambo yameharibika.

Kumbe jirani alifikiwa na habari ya msiba Ujiji, akaondoka siku ile ile niliyoondoka mimi. Mume wangu alipika, akasukuma bakuli chini ya mkeka. Mama hakuligusa, aibu ya kula cha mkwe ilimzidi. Mume wangu akazunguka kutafuta mwanamke wa kumsaidia, lakini kijiji kilikuwa kipya, watu hawajuani, na mvua za kupandia zilikuwa zimeanza. Mmoja alikuja mara moja, hakurudi. Kwa siku tatu mama alikuwa akiishi kwa maji ya mtungini na ndizi mbili nilizomwachia.

Nikishusha mguu kitandani, mtoto anakufa. Nikilala, mama anakufa. Niliushusha mguu. Mkunga akafoka toka mlangoni, "Wewe! Unamtaka huyo mtoto au humtaki?" Nikaurudisha.

"Ingia ndani umlishe," nikamwambia mume wangu.

"Hilo siliwezi, mke wangu. Atakufa kwa aibu."

"Na afe kwa aibu, asife kwa njaa! Mwanaume mzima unamwogopa kikongwe asiyeona!"

Nililisema hilo kwa sauti, wodi nzima ikasikia. Wanawake wenzangu wakageukia ukutani. Mume wangu akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Hakuja siku ya tano. Hakuja ya sita, wala ya saba. Kila baiskeli iliyopita nje iliushtua moyo wangu. Nilipanga maneno nitakayowaambia watu wa kwetu: mama kafa njaa nyumbani kwa binti yake, na chakula kiko hatua mbili. Nilimchukia mama kwa ukaidi wake, nikamchukia kaka na mkonge wake, nikaichukia hata ile mimba iliyonifunga kitandani. Naona aibu kuyaandika haya, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Siku ya nane nilijifungua mtoto wa kike, mzima. Siku ya kumi wakaniruhusu, nikaomba lifti kwenye lori la maharage. Nilishukia barabarani, nikapanda kilima cha kuelekea nyumbani na mtoto mikononi. Nilikuwa natega sikio kama kuna vilio. Hapakuwa na vilio. Niliusogeza mlango taratibu, hakuna aliyenisikia.

Mama alikuwa ameketi upande wake. Mbele yake alichuchumaa mume wangu, amejifunga macho kwa kitambaa cha kaki, mkono umenyooka na tonge la ugali, anautafuta mdomo. Ugali ulikuwa umemjaa mama shavuni na kwenye kanga.

Kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe hawasemezani. Maneno yao hupitia kwa binti, hata wakiwa nyumba moja.

"Mwanangu," mama akasema, "muulize mumeo kama amekifunga vizuri."

"Mke wangu," akajibu yeye, "mwambie mama nimekifunga."

"Mwambie basi chumvi imezidi, kama jana."

"Mwambie nimesikia."

Siku zote zile walikuwa wakiniita hivyo, na mimi sipo. Nilisimama pale mlangoni, nikaogopa kuitika.