Kipimo changu kimelia kinyume

Leo nimejiaibisha mbele ya watu wote wa uwanja wetu wa ndege hapa Likasi.

Nilitengeneza mwenyewe kipimo cha kumuonya rubani pua ya ndege ikiinuka kupita kiasi.

Tukakijaribu ndege ikiwa chini. Nikainua kibawa kidogo cha alumini cha kipimo hicho, kama vile pua imeinuka: kimya. Nikakishusha: kikalia!

Nikamfokea fundi wetu mzee, Papa Ilunga.

“Papa, weye ndiye uligusa waya zangu!”

“Minye sikugusa kintu, mwanangu.”

Rubani wetu akachukua kisanduku cha kipimo. Gundi niliyokifungia ilikuwa bado nzima, hakuna aliyekifungua. Akakifungua: waya nilikuwa nimezigeuza mimi mwenyewe.

Papa hakucheka. Alinipa tu bisibisi.

Nilifoka kwa sauti kubwa, halafu pardon nikaiomba kwa kunong’ona.

Basi wote muliosikia kelele zangu, musome na hii: Papa Ilunga, nilikukosea.