Mwalimu Jacinta na Mstari wa Akina Baba

Jumamosi saa mbili asubuhi, watu wa mishahara bado wamelala Kitengela. Mwalimu Jacinta Adero amekwishavuka barabara ya Namanga, viatu mkononi, maana udongo mweusi wa huku ukinyeshewa haubembelezwi.

"Hodi hapa!"

Mlango wa mabati unafunguka. Anatoka mwanamume aliyefiwa na mkewe, mikono imejaa unga. Mwalimu haulizi mama yuko wapi. Anamwinamia msichana aliyejificha nyuma ya baba.

"Leo nani alikuamsha?"

"Baba."

"Na hizi nywele nani amesuka?"

"Mama Najah, jirani."

"Kumbe uko na watu wengi hivyo!"

Mtoto anacheka. Baba anacheka pia, na ukimtazama unajua ni siku nyingi hajacheka.

Kutembelea nyumba za wanafunzi ndiyo kazi ya mwalimu huyu kila Jumamosi, na hailipwi. Darasa lake la nane limejaa watoto themanini na watatu tangu elimu itangazwe kuwa ya bure mwaka jana. Wakubwa walitangaza, wakapigiwa makofi, wakapanda magari yao. Hakuna aliyerudi kuuliza watoto hawa wanatoka nyumba za namna gani.

"Mimi nililelewa Siaya na baba na mama, wote wazima," anasema. "Nikadhani kila nyumba iko hivyo. Mwanafunzi wangu Mbeke ndiye alinifungua macho."

Muhula uliopita, mkuu wa shule alileta siku ya akina baba. Kila baba wa mtoto wa darasa la nane aje, apange mstari mbele ya bendera, aape kwamba atamsimamia mwanawe mpaka mtihani wa Novemba. Mtoto ambaye babake hakuja atakaa nyumbani hadi baba apatikane. Amri imetoka juu, walisema. Na huko juu, kama kawaida, hakuna mtu wa kuulizwa.

Mbeke Maundu, msichana wa pili kwa alama darasani, akafungasha vitabu kimya kimya. Hakurudi.

Mwalimu Jacinta alimtafuta hadi nyuma ya soko la mifugo. Akamkuta akiongoza punda wa kuuza maji, na kando yake mama mzee mwenye mtungi.

"Habari ya asubuhi, nyanya," mwalimu akasalimia kwa heshima zote.

Mama akatua mtungi chini. "Nyanya ya nani? Mimi ndiye mwenye hii boma! Mama ya huyu mtoto, mimi ndiye nilimuoa. Ng'ombe nilitoa mimi!"

Huyo ndiye Keziah Maundu. Mumewe alifariki wakiwa hawana mtoto, na kwa desturi ya Wakamba, mjane kama huyo anaweza kuoa msichana amzalie watoto watakaobeba jina la marehemu. Keziah akaoa. Mbeke akazaliwa, akawa Maundu.

"Hata kanisani wanajua, wananyamaza tu," Keziah anasema. "Sasa shule inataka baba. Nimtoe wapi, kaburini?"

Mwalimu aliomba msamaha. Kisha akamwambia, "Mama, hiyo Ijumaa ya akina baba njoo wewe. Usiende upande wa akina mama. Simama kwa mstari."

Ijumaa Keziah alikuja, leso mpya kiunoni, akasimama katikati ya wanaume. Vicheko vikaanza.

"Mama, umepotea," mmoja akamwambia. "Akina mama wako kule kwa masufuria."

"Mimi nililipa mahari nikamaliza," Keziah akajibu. "Wewe yako ilifika wapi?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na safari hii si yeye aliyechekwa. Lakini mkuu wa shule hakucheka. Alimtoa Keziah kwenye mstari, akasema sheria ni baba, na mwanamke hawezi kuwa baba. Mbeke, aliyekuwa amesimama langoni na sare yake, aambiwe arudi nyumbani.

"Basi mwambie wewe mwenyewe," Mwalimu Jacinta akasema mbele ya watu wote. "Mimi mdomo wangu hautatamka hilo."

Ndipo Ahmednasir, mfanyabiashara wa mbuzi anayejulikana soko zima, akatoka kwenye mstari.

"Mwalimu mkuu, hata mimi si baba. Wale wawili niliowajia ni watoto wa ndugu yangu, Mungu amrehemu. Mimi ni ami yao. Mbona mimi hukuniuliza?"

Akaenda akasimama karibu na Keziah. Akafuata baba wa kambo. Akafuata kaka mkubwa aliyewalea wadogo zake. Akafuata babu mmoja kutoka Kisaju, akitembea polepole na fimbo yake. Mstari wa akina baba ukabaki mfupi, hata wenyewe waliobaki wakaanza kuangalia chini.

Amri ikaishia hapo; Mbeke aliingia darasani siku hiyo hiyo.

"Niligeuka nikatazama darasani," mwalimu anakumbuka. "Watoto walikuwa wanachungulia madirishani. Kila mmoja aliona kwamba si yeye peke yake."

Siku hizi akiita wazazi, haiti baba wala mama. Anamwambia mtoto, "Niletee mtu wako." Na anayeletwa anapewa kiti.

Asante aliyopata kutoka kwa wakubwa? Wiki iliyopita aliambiwa, kwa mdomo tu, kwamba huenda akahamishwa mbali, ng'ambo ya Oltepesi kwenye njia ya Magadi. Ndivyo wanavyolipa wanaofanya kazi.

Yeye hatetemeki. Ombi lake ni moja: wamwache hadi Novemba, amwone Mbeke akiingia chumba cha mtihani.

"Baada ya hapo wanipeleke," anasema, akivaa viatu. "Jumamosi ya kwanza nikifika huko, nitatoka nibishe mlango wa karibu. Watoto wa huko pia kuna mtu anawaamsha."