Daftari la Zuhura

Leo nimeona jinsi ushauri mzuri unavyoweza kumuumiza mtu.

Zuhura kamaliza kidato cha nne juzi tu. Kazi yake ya kwanza ni kuchambua karoti za Mgeta kwenye ghala ninapofanya ukarani, hapa Mafiga.

Siku ya kwanza nilimpa daftari. "Mdogo wangu, pesa inataka kumbukumbu. Andika kila unachopewa."

Akaandika kila kitu, hadi chai na chapati ya saa nne. (Chai ya kazini kwetu, na chapati yake, ni bure, kila mtu anajua.)

Leo, siku ya mshahara, bosi kalinyakua daftari na kulisoma kwa sauti mbele ya wapakiaji.

"Chapati ishirini na mbili! Binti, hilo tumbo au gunia?"

Wakacheka.

"Lakini chai ni bure, bosi," Zuhura akasema.

"Cha bure hakiandikwi. Kilichoandikwa ni deni. Karani, kata kwenye mshahara wake."

Nina miezi miwili tu pale, na kodi ya chumba inanisubiri.

Nikakata.

Zuhura akapokea kilichobaki pamoja na daftari lake, akaniwekea daftari mezani.

"Chukua, dada. Utamfundishia mwingine."

Niambieni ukweli: ninyi mngekata?